Nishani Juu ya Nyonga

Ipo nchi, wala usiniulize iko upande gani, maana wakubwa wake wakisikia imeulizwa huhamisha mpaka. Mimi nimeishi humo maisha yangu yote. Nimezaa humo, nimefiwa na mume humo, na kwa kweli sijaona baya lolote ambalo halikutolewa maelezo.

Mwaka huo tuliletewa mashine. Ilitoka kwa nchi rafiki, ile iliyotuletea pia taa za barabarani kabla hatujapata barabara. Ni kitanda chenye mkono juu yake. Mtu analala chali, ule mkono unapita juu polepole, unatazama ndani ya mfupa, kisha unasema kama mfupa umejaa au umetobokatoboka kama sifongo. Haukati wala hauchomi. Tuliambiwa nchi zote za maana zinapima mifupa ya watu wao, na sisi tulikuwa tumebaki kupima urefu tu.

Kwa kuwa mashine ya heshima namna ile haiwezi kupokewa na wizara yenye mambo mengine, iliundwa Wizara ya Mifupa na Uthabiti, akapewa Mheshimiwa Kizingo, aliyekuwa Waziri wa Samaki hadi samaki walipokwisha. Siku ya kuipokea tulisimamishwa njiani, na yeye akapanda jukwaani.

"Ndugu wananchi," akasema, "taifa ni nini? Mtu atasema taifa ni ardhi. Ardhi inamomonyoka. Mwingine atasema taifa ni watu. Watu wanakufa. Nami nawaambia, baada ya kukaa na wataalamu na kuwasikiliza na kuwakataza, taifa ni mifupa. Nyama inakuja na kuondoka kufuatana na mavuno. Mfupa unabaki ndani, hausemi kitu, umebeba mzigo. Huo ndio uraia."

Tukapiga makofi. Ile mashine ikaingizwa hospitali kuu, ikafunikwa bendera, wakawekwa askari wawili mlangoni. Ikatangazwa kwamba asilale mtu juu yake kabla ya Mtukufu, mkuu wetu wa nchi, kulala.

*

Siku zile zile wifi yangu Mwatumu akateleza.

Mwatumu ni dada wa marehemu mume wangu, Faki. Yeye mjane, mimi mjane, tukaona hakuna haja ya kuwasha meko mawili, tukakaa nyumba moja. Alikuwa uani anatia udhu wa adhuhuri. Nikasikia kishindo, na ndani ya kile kishindo mlio mwingine mdogo, kama wa kijiti kikavu. Nilipotoka nilimkuta amelala ubavu, maji ya birika yanamwendea chini ya mgongo.

"Wifi," akaniambia, "njoo unimalizie miguu. Nilikuwa nimefika miguuni."

"Umeumia?"

"Nimevunjika. Lakini udhu haujaisha."

Nikammalizia udhu, akasali pale pale alipolala, kisha nikaita majirani wenye mkokoteni.

Hospitali tulipokewa na Daktari Pandu, mtu mpole mwenye macho ya mtu aliyeamka zamani sana. Alimpiga picha ile ya kawaida, akaiinua dirishani tukaiona sote. Mfupa ulikuwa umekatika chini ya nyonga, kipande kimoja kinatazama huku na kingine kule.

"Hapa panatakiwa chuma," akasema. "Usipotiwa chuma mfupa utaunga wenyewe, lakini utaunga vibaya. Mguu utakuwa mfupi, na kusimama kutakuwa kwa taabu."

"Chuma hakipo?" nikauliza.

"Kipo." Akafungua kabati akatuonyesha. Kilikuwa kimefungwa kwenye karatasi safi, kirefu, kinang'aa. "Na wa kukitia ni mimi. Ila waraka mpya unasema chuma cha taifa kisitiwe kwenye mfupa ambao haujapimwa uthabiti. Isije ikawa tumekitia kwenye mfupa usiostahili."

"Si mashine ile pale, ng'ambo ya ukumbi?"

"Ndiyo. Haijazinduliwa."

Mwatumu akasema, "Mwanangu, mie nitasali vipi?"

"Kwa ishara, bibi. Ukiwa umelala. Dini imeruhusu."

"Imeruhusu kwa aliyeshindwa. Mie sijashindwa, nimevunjika. Nataka nisimame sawa, na nataka paji la uso liguse mkeka. Hicho chuma kinafanya hayo?"

"Kinafanya."

"Basi tutasubiri. Si umekiona, wifi? Kipo."

Wakamfunga mguu kwa kamba, kamba ikapita juu ya kigurudumu, na mwisho wake likaning'inizwa tofali, ili mfupa uvutike. Lilikuwa tofali zuri, lilibaki kutoka zahanati iliyokuwa ijengwe mtaani kwetu. Nililitambua.

*

Alikaa na tofali lake, nami nikawa nalala chini pembeni ya kitanda, hadi Mtukufu alipopata nafasi.

Siku hiyo wagonjwa wote walivishwa mashuka mapya, na jamaa za wagonjwa tukapangwa ukumbini ili tupige makofi. Mlango wa chumba cha mashine uliachwa wazi kwa ajili ya wapiga picha, kwa hiyo niliona yote.

Mtukufu alivaa sare kamili. Nishani zake ni nyingi. Kifua kilijaa zamani, zikateremshwa tumboni, tumbo nalo ingawa ni kubwa likajaa, na zile za karibuni zimebandikwa mapajani, mbele na ubavuni. Akitembea unamsikia kabla hujamwona.

Mpimaji alikuwa bwana mmoja mnene wa makamo anaitwa Jecha, aliyepelekwa ng'ambo kujifunza. Alitoa heshima, akainama.

"Mtukufu, kwa idhini yako, kabla ya kulala huwa tunaomba vitu vya chuma viondolewe."

"Chuma gani?" akauliza Mheshimiwa Kizingo.

"Hizo nishani, Mheshimiwa. Mashine haijui. Ikiona chuma inadhani ni mfupa."

Hata wale wagonjwa waliokuwa wakikohoa waliacha.

"Jecha," akasema Mheshimiwa kwa upole, "nishani ya Mtukufu ni chuma?"

Jecha akatazama mashine, akatazama askari, akatazama viatu vyake. "Nishani si chuma, Mheshimiwa."

"Nishani ni nini?"

"Ni heshima, Mheshimiwa."

"Na mashine inaona heshima?"

"Haioni."

"Basi mpime."

Ikatolewa amri pale pale, tena ikasomwa redioni jioni, kwamba katika vipimo vyote vya mifupa raia avue kila kitu cha chuma, pete, bangili, pini za mtandio, na kwamba nishani si chuma.

Mtukufu akalala. Ule mkono ukapita juu yake, na picha ikatokea kwenye kioo, nyeupe yote, kama ukuta uliopakwa chokaa kwa ajili ya mgeni. Huoni uti wa mgongo wala nyonga. Mheshimiwa akaigusa kwa fimbo.

"Tazameni. Mnaona tundu? Hakuna tundu. Huyu ni mtu aliyejaa."

Mtukufu aliinuka akatazama, akasema, "Nilijua," kisha akaomba chai.

Tukapiga makofi. Mimi pia nilipiga, mikono haikuwa na shughuli nyingine.

Likabaki jambo moja. Ile mashine wenyewe walioitengeneza waliifundisha kumlinganisha kila mtu na kijana mzima wa miaka thelathini. Akifanana naye anapewa sifuri, akipungua anapewa alama za chini ya sifuri. Mheshimiwa hakupendezwa.

"Kijana gani huyo? Mtoto wa nani? Alichaguliwa na mkutano upi?"

Kijana akaondolewa, akawekwa Mtukufu. Kuanzia siku hiyo Mtukufu ndiye sifuri, na sisi wengine tukalinganishwa naye.

*

Walianza na wakubwa. Wote walikuwa chini ya sifuri, na Mheshimiwa Kizingo mwenyewe, licha ya mwili wake, alikuwa chini kabisa. Jambo hilo lingeweza kuleta fitina. Lakini serikali yetu ni sikivu. Jioni ile ile alipewa nishani tano za Utumishi, asubuhi akapimwa tena amezivaa, akaonekana amepona. Mawaziri wengine wakafuata. Ikatolewa amri kwamba kila mwenye nishani ana haki ya kupimwa upya, na katika juma moja baraza zima likawa na mifupa ya chuma, ninavyosema kwa mazoea tu, maana si chuma.

Tukaja sisi. Siku ya Mwatumu wauguzi wawili walisukuma kitanda, na mimi nilibeba tofali nyuma yao ili kamba isilegee. Jecha akasema kama alivyowaambia wote, "Bibi, vua bangili na pini," tukavua. Ule mkono ukapita. Kwenye kioo niliuona mfupa wa wifi yangu, mwembamba, wa kijivu, mahali pengine unaona hadi upande wa pili, na ule ufa wake umepita katikati.

Jecha akaandika alama. Hakuisoma kwa sauti.

"Mbaya?" Mwatumu akamwuliza.

"Kwa kulinganisha na Mtukufu, bibi."

"Na kwa kulinganisha na mwanamke wa umri wangu?"

"Hilo mashine siku hizi haiulizwi."

Daktari Pandu alikuja kutueleza. Mwatumu alikuwa Raia wa Mifupa Laini. Serikali haiwaachi raia hao, inawapa ushauri, wanywe maziwa, waote jua la asubuhi, waimbe wimbo wa taifa wamesimama. Lakini chuma hutiwa wenye mifupa imara tu.

"Daktari," nikamwambia, "mie darasa langu dogo, nieleweshe. Wenye mifupa imara, huvunjika?"

"Hajaletwa bado hata mmoja, mama."

"Na wanaovunjika?"

"Wote laini."

"Basi kile chuma kimekaa."

"Kimekaa. Nakifuta vumbi kila Ijumaa."

Hakusema kwa kejeli. Alikuwa amechoka. Mwatumu aligeuza uso ukutani, na kwa kuwa alasiri ilikuwa imeingia, akaanza kusali kwa macho.

Mimi nikatoka nikaenda nyumbani.

*

Nyumbani nina mkebe wa biskuti. Ndani mna kofia ya Faki, tasbihi yake, na nishani.

Nieleze habari ya hiyo nishani, kwa kuwa haina siri. Mwaka mmoja Mtukufu alikuwa apite mtaani kwetu, na wazee walipangwa mstari uwanjani kufanya mazoezi ya kumpokea. Mazoezi yalianza asubuhi. Ilikatazwa kukaa, maana Mtukufu hapokewi na mtu aliyekaa hata akiwa hajafika. Jua likapanda. Faki akaanguka, na mzee Songoro wa nyumba ya tatu akaanguka naye, wakafa wote wawili pale pale. Mtukufu hakuja, ilikuwa siku ya mazoezi tu.

Tume ikaundwa ikaja kupima walivyoanguka. Ikaonekana Faki aliangukia mbele, kuelekea jukwaani, kwa hiyo akapewa Nishani ya Uvumilivu, daraja la tatu. Mzee Songoro aliangukia nyuma. Mjane wake hakupewa kitu, na kwa muda mrefu alikuwa hanisalimii.

Niliitoa kwenye mkebe nikaipangusa kwa kanga. Ni nzito. Nishani za marehemu zote ni nzito, huwa zinatengenezwa kwa shaba tupu. Za walio hai ni bati lililopakwa rangi, wasije wakaelemewa. Upande mmoja ina sura ya Mtukufu, upande wa pili ina pini.

Nikarudi hospitali nimeishika mkononi, wazi, kama mtu anavyobeba nyanya.

"Jecha," nikasema, "wifi yangu ana nishani. Ana haki ya kupimwa tena."

Akaitazama. "Hii ya nani?"

"Ya kaka yake. Baba mmoja, mama mmoja. Mfupa ule ule."

"Kaka yake yuko wapi?"

"Amekufa. Lakini amri ilisema mwenye nishani. Haikusema awe anapumua."

Jecha akaipokea akaigeuza. Nafikiri alikuwa anaipitia ile amri kichwani. Akasema, "Haya, mlete. Na tofali."

Mwatumu alipolazwa nikachukua nishani nikaiweka juu ya nyonga, ile iliyovunjika.

"Mama, nishani huvaliwa kifuani," akasema mmoja wa wale askari wa mlangoni.

"Mtukufu aliivaa wapi siku ile?" nikamwuliza. "Nilikuwa hapo ukumbini. Sikuona vizuri, pengine wewe uliona."

Yule askari akageuka akatazama nje.

"Wifi," Mwatumu akaninong'oneza, "Faki ni mzito."

"Vumilia. Mkono haupiti mara mbili."

Mkono ukapita. Kwenye kioo pakatokea duara jeupe, jeupe kuliko kitu chochote, limekaa juu ya nyonga. Ufa haukuonekana tena. Jecha akaandika alama. Akafuta, akaipiga mashine kofi dogo ubavuni, akaandika tena.

"Kumetokea nini?" nikauliza.

"Iko juu ya sifuri."

"Juu ni vizuri?"

"Juu ya sifuri, mama," Jecha akasema taratibu, kama anayemwelekeza mgeni njia, "ni juu ya Mtukufu."

*

Mheshimiwa Kizingo alifika kabla uji wa wagonjwa haujapoa. Alikuja na wataalamu, na wataalamu wakaja na viti. Walikaa kukizunguka kitanda cha Mwatumu, wakajadiliana kana kwamba kitanda ni kitupu.

Wakati wote huo Daktari Pandu alisimama mlangoni, na kile chuma amekishika mkononi, kimefungwa kwenye karatasi yake. Alikuwa amekitoa kabatini. Alipopata nafasi akasema, "Mheshimiwa, kwa mujibu wa waraka, mfupa huu sasa unastahili. Naomba nimpasue leo."

"Daktari, mfupa wa Mtukufu unaweza kuvunjika?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Na mfupa ulio imara kuliko huo?"

Daktari akakitazama kile chuma. Mheshimiwa akamngojea.

"Hauwezi."

"Basi unataka kumpasua nini huyu mama? Mzima."

"Ipo picha, Mheshimiwa. Ufa unaonekana."

"Ile ni picha ya kabla ya uthabiti. Rudisha kitu hicho kabatini."

Daktari Pandu akageuka na chuma chake akaenda. Nilisikia mlango wa kabati. Hapo ndipo Mwatumu alipofumba macho, na mimi nikamshika kidole kimoja, kile kilichokuwa karibu.

Kuhusu alama, wataalamu waligawanyika. Wengine walisema ni uhaini, wengine walisema uhaini wa mfupa hauna kifungu. Mheshimiwa akapata njia. Ilitangazwa kwamba Bi Mwatumu, kwa mapenzi yake, ameitoa alama yake kuwa zawadi kwa Mtukufu. Mtukufu aliipokea. Sifuri ikapanda ikakaa pale alipokuwa Mwatumu, na nchi nzima ikashuka kidogo zaidi, wakiwemo mawaziri, ambao ilibidi waongezewe nishani.

Naye Mwatumu aliandaliwa nishani kwa ukarimu wake, Nishani ya Uthabiti. Alitakiwa aipokee amesimama.

Walikata kamba. Tofali walilichukua, lilihitajika kitanda cha jirani. Nikampeleka uwanjani nikiwa nimemshika kwapani upande mmoja na mke wa marehemu Songoro amemshika upande wa pili, maana alijitolea, na siku hiyo alinisalimu. Wimbo wa taifa kwetu una beti nyingi. Mwatumu alisimama kwa mguu mmoja beti zote, jasho linamtiririka hadi kidevuni, haombi kiti, haombi maji. Uwanja ulikuwa ule ule. Niliangalia mahali alipoangukia kaka yake. Pamewekwa mtambo wa vipaza sauti.

Alipofikiwa, Mheshimiwa alimbandika nishani, akashtushwa na uzito wake. Msaidizi akamwelezea sikioni kwamba za walio hai zimekwisha kwa mawaziri, ikabidi ichukuliwe ya stoo ya marehemu.

"Hongera, mama," Mheshimiwa akasema. "Una neno?"

"Nina neno," Mwatumu akasema. "Nataka kukaa."

Redioni walisema alishukuru.

*

Mfupa uliunga wenyewe, alivyosema daktari, na uliunga vibaya, alivyosema daktari. Mguu wa kulia umekuwa mfupi. Akitembea anazama upande mmoja, lakini anatembea. Kwenye sala ndiko kulikomsumbua. Kuinama aliweza, kwa taratibu. Kusimama ndiko hakukuwa sawa. Mwili ulikuwa unamlalia kulia, na kabla hajafika nusu ya sura anayoisoma nyonga inawaka, inambidi akae kwenye kiti. Kwenye kiti paji la uso haligusi kitu.

Tulijaribu kitambaa kilichokunjwa, kikabonyea. Tulijaribu kibao, kikateleza. Tofali nililikumbuka, lakini lilikuwa nene mno, na lina mgonjwa mwingine.

Jioni moja ya Ramadhani, magharibi imeadhiniwa, nikaleta mkebe wa biskuti. Nikatoa nishani ya Faki nikaiweka juu ya mkeka mahali pa kisigino, nikatoa na yake nikaiweka mahali pa vidole. Unene wake ulitosha kabisa. Nikazipindua, nikaona itakuwa taabu, pini ziko juu, zitamchoma.

"Wifi," nikamwambia, "haziwezi kulala isipokuwa sura iwe juu. Utakuwa unaikanyaga."

Naye alikuwa anafunga mtandio, hakuharakisha.

"Pini zinashika mkeka?"

"Zinashika."

"Hazitelezi?"

Nikasukuma kwa kidole. "Hazitelezi."

"Basi acha hivyo hivyo. Mie macho yangu yatakuwa pale ninapoweka paji la uso. Ya chini ya unyayo siyaoni."

Akapanda. Nikatazama mabega yake nyuma, yote mawili yalikuwa sawa, kama zamani. Akafunga sala. Nami nikajipanga pembeni yake, tukasoma, tukarukuu, tukasimama. Alipokwenda kusujudu alishuka kidogo kidogo, magoti, mikono, hadi nikasikia mkeka umeguswa.

Alikaa pale muda mrefu kuliko sala inavyotaka. Niliweza kuinuka, lakini nilibaki chini pamoja naye. Uji wa futari ulikuwa mekoni, na sisi sote wawili tulisikia ukianza kumwagika.